Ugali ni mkongwe kuliko mahindi: uzi mrefu kuhusu tunachosonga kila siku

Wakuu, salaam kwenu.

Juzi kwenye uzi wa bei ya unga, wachangiaji karibu wote walikubaliana kwamba ugali wa sembe, yaani unga wa mahindi yaliyokobolewa, ndio chakula cha mababu zetu tangu enzi. Sikutaka kuuvuruga uzi wa watu, nikaahidi kufungua wangu. Nimekulia pembeni ya mashine ya kusaga na kukoboa ya mjomba wangu kule Kondoa, na tangu nipate akili nimekuwa nikisoma kila ninachokutana nacho kuhusu nafaka. Kwa hiyo mengine humu nimeyasoma, mengine nimeyashika kwa mkono.

Msimamo wangu ni huu: kusonga ni kwetu, mahindi ni mgeni, na sembe nyeupe ni mgeni wa juzi kabisa. Na huyu mgeni alipokuja aliacha kwao nusu ya ujuzi wa kumpika. Twende taratibu.

Tuanzie mwaka 1331. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika Mogadishu kisha akateremka hadi Kilwa. Pale Mogadishu aliandaliwa karamu na kwa bahati nzuri alikuwa mtu wa kuandika alichokula: wali wa samli kwenye sinia la mbao, juu yake michuzi ya kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, halafu maziwa ya mgando yenye achari ya ndimu, tangawizi mbichi na maembe. Ukiisoma orodha hiyo leo unaweza kudhani umekaribishwa harusini Lamu.

Sasa angalia kisichokuwepo, sio kwenye sinia lile tu bali pwani nzima na bara yote. Hakuna mahindi. Hakuna muhogo. Hakuna nyanya, wala maharage, wala karanga, wala viazi mviringo, wala viazi vitamu, wala pilipili mbuzi. Vyote hivyo mwaka ule vilikuwa ng'ambo ya Atlantiki, na hakuna mtu wa upande wetu aliyewahi kuviona. Ugali maharage wenye kachumbari ya nyanya na pilipili, ambao leo mtu akiulizwa chakula cha Kiafrika anautaja wa kwanza, usingeweza kupikwa popote Afrika.

Watu walikula nini, basi? Wenye nacho walikula wali. Wataalamu wa mambo ya kale waliochimba Pemba wamekuta kwamba vijiji vya mwanzo vya Waswahili viliegemea zaidi uwele, halafu kuanzia karne ya 11 hivi mpunga ukapanda chati. Bara ilikuwa mtama, uwele na ulezi. Mtama kwao ni Sudan: mabaki ya zamani ya mtama uliolimwa yamepatikana upande wa Kassala, umri wake miaka 5,000 hivi. Ulezi ni wa nyanda za juu, kuanzia Ethiopia kuteremka Uganda. Hizi ndizo nafaka zilizozaliwa Afrika na kulelewa na mikono ya Waafrika.

Na ugali ulikuwepo. Unachemsha maji, unatia unga, unasonga kwa mwiko mpaka ushikane. Msafiri Mwingereza Richard Burton aliposafiri kutoka pwani hadi Ujiji mwaka 1857 na 1858, neno ugali alilikuta njiani na akaliandika, na nafaka iliyotawala njia ile ilikuwa mtama. Mpaka leo Mjaluo akisema "kuon bel" anamaanisha ugali wa mtama. Ugali ni jina la kazi ya mwiko. Nafaka iliyomo ndani imekuwa ikibadilika.

Naendelea.

Mahindi kwao ni Mexico. Miaka 9,000 hivi iliyopita, kwenye bonde la mto Balsas, watu walianza kuchagua mbegu za nyasi fulani ya mwituni iitwayo teosinte. Ukiona picha yake huwezi kuamini: suke lake ni dogo kuliko kidole na punje zake chache zimefungwa kwenye ganda gumu kama kokoto. Wakulima wa kule, kizazi baada ya kizazi, waliitoa hapo mpaka kwenye gunzi tunalolijua. Muhindi umezoea kulelewa kiasi kwamba ukiuacha porini hauwezi hata kudondosha mbegu zake wenyewe, lazima mtu aupukuchue.

Columbus alivuka mwaka 1492, na baada ya hapo Wareno wakawa wanasambaza mazao ya Amerika kila bandari waliyotia nanga. Kwetu walikaa kwa mabavu karne mbili. Ngome ya Fort Jesus pale Mombasa walianza kuijenga mwaka 1593, wakafukuzwa mwaka 1698. Ushahidi wao uko mdomoni mwetu: nanasi, pera, limau, meza, kopo, mvinyo. Ila ukisoma nyaraka zao inabidi uwe makini, maana neno lao "milho" mwanzoni lilimaanisha nafaka za jamii ya mtama na uwele, baadaye likahamia kwenye mahindi. Kuna watu wamejenga hoja nzima juu ya sentensi moja ya Kireno, kumbe yule mwandishi alikuwa anauona mtama.

Jina "mahindi" nalo lina kisa chake. Sisi tuliliunganisha na India. Waturuki wanayaita "mısır", yaani Misri. Waitalia wanayaita "granturco", nafaka ya Kituruki. Kila mtu aliyataja kwa jina la ng'ambo aliyoiona yeye, na hakuna aliyeitaja Mexico.

Sasa swali ambalo hata mimi lilinisumbua muda mrefu. Mtama unavumilia ukame kuliko mahindi. Ulezi unakaa ghalani miaka bila kuliwa na wadudu. Kwa nini basi mahindi yakashinda?

Jibu nililipata kwa mama, sio kwenye kitabu. Anasimulia jinsi alivyokuwa akipelekwa shambani alfajiri, umande haujakauka, kupanda juu ya dungu na kombeo mkononi. Mtama na uwele hubeba punje zake wazi, juu kabisa ya shina. Kwelea kwelea, wale ndege wala nafaka, wakitua, wanatua maelfu kwa pamoja, shamba zima linainama. Ukisinzia nusu saa umemaliza mavuno ya mwaka. Kwa hiyo kila msimu, wiki kadhaa, watoto walikuwa ni walinzi kuanzia jua linachomoza hadi linazama, wakipiga kelele, wakirusha mawe, wakitikisa kamba zilizofungwa makopo. Mama anasema sauti ilikuwa inamkauka mpaka jioni hawezi kuomba maji.

Muhindi unakuja umevaa majani yake. Ndege hana la kufanya. Halafu serikali ya Tanzania ilipofanya elimu ya msingi kuwa ya wote, Azimio la Musoma la 1974 na utekelezaji wake wa 1977, watoto wakaenda darasani. Nani akae dunguni? Sijaona hili likitajwa sana, lakini kwa kijiji chetu naliona kabisa: dawati lilipofika, mtama ukarudi nyuma hatua moja.

Kuna sababu nyingine pia. Muhindi unaliwa mbichi kabla haujakauka, wa kuchoma au wa kuchemsha, na huo ni msaada mkubwa ile miezi ambayo ghala limeisha na mavuno bado. Mtama mwingi hauliwi hivyo. Na kutwanga uwele kwenye kinu ni adhabu ya mgongo, muulize mwanamke yeyote aliyewahi.

Lakini hiyo ni sehemu ya wakulima wenyewe. Sehemu nyingine ilitoka juu.

Vita ya kwanza ya dunia, 1914 hadi 1918, ilipiganwa huku kwa mabega ya wapagazi. Waingereza waliwakusanya wanaume mamia ya maelfu kubeba mizigo, kikosi kikaitwa Carrier Corps, na kambi yao Dar ndiyo ikaacha jina la Kariakoo. Nairobi nao wana Kariokor yao. Chakula cha wapagazi kilikuwa posho, yaani mgao wa kila siku, na posho hiyo kwa sehemu kubwa ilikuwa unga wa mahindi. Wengi walitoka kwenye ndizi, wali, mtama, viazi. Walipewa unga wasiouzoea, mara nyingi bila sufuria ya maana wala muda wala kuni za kutosha kuuivisha, wakaishia kuharisha damu. Makumi ya maelfu walikufa, wengi zaidi kwa maradhi kuliko kwa risasi. Mimi kila nikipita Kariakoo nikaona viroba vya unga vimepangwa hadi juu, hiyo habari hunirudia.

Walionusurika walirudi kwao wakiwa wamezoea. Baada ya hapo mashamba ya walowezi, migodi, reli, jela, shule za bweni, wote walilisha watu posho ya mahindi kwa sababu ni rahisi kununua, kusafirisha na kupima. Ndiyo maana Uganda hadi leo ugali wa mahindi unaitwa posho.

Na rangi? Mwanzoni mashamba ya Waafrika yalikuwa na mahindi ya kila rangi: njano, mekundu, ya zambarau, yenye madoadoa. Walowezi wa Kenya walileta mbegu nyeupe kutoka Afrika Kusini, mojawapo ikiitwa Hickory King, kwa sababu walikuwa wanauza Uingereza kwa viwanda vya wanga, na wanunuzi wa kule walitaka shehena nyeupe isiyochanganyika. Mchanganyiko wa rangi uliteremsha daraja na bei. Basi nchi ikaelekezwa kwenye weupe. Mwaka 1964 kituo cha utafiti cha Kitale kikatoa mbegu chotara H611, nyeupe, iliyozaa kwelikweli, na wakulima wadogo wakaipokea kwa kasi.

Kwa hiyo ule weupe ambao leo tunauona ndio alama ya unga safi, asili yake ni soko la wanga la London.

Upande wa Tanzania msukumo mkubwa ulikuja miaka ya 70. Njaa ya 1973 hadi 1975 ilituumiza, tukawa na kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, kukawa na bei moja ya mahindi nchi nzima, na mikoa minne ya Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa ikawa ghala la taifa. Mkulima wa Rukwa alilipwa sawa na aliye karibu na Dar, gharama ya lori ikabebwa na serikali. Hapo hata watu wa maeneo makavu kama kwetu walianza kuona aibu kupanda uwele.

Wazee humu watakumbuka unga wa Yanga. Ni ule wa mahindi ya njano ya msaada kutoka Marekani, uliopewa jina la klabu ya soka ya Yanga kwa sababu ya rangi yake. Mama hadi leo hataki kuusikia, kwake njano ni foleni ya duka la ushirika na njaa. Namwelewa kabisa. Lakini kwa lishe, ile njano ni karotini, ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Mahindi meupe hayana. Tulijifunza kuudharau unga uliokuwa na kitu cha ziada, kwa sababu ulitufikia wakati mbaya na kwa mkono wa msaada.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike.

Watu wa Mexico hawasagi mahindi makavu moja kwa moja. Wanayachemsha kwenye maji yenye chokaa, wanayaacha usiku kucha, asubuhi wanayaosha, ganda linavuka, ndipo wanasaga. Wenyeji wa Marekani Kaskazini walitumia majivu ya kuni badala ya chokaa. Kazi hii ina maelfu ya miaka. Sababu yake kisayansi ilikuja kueleweka karne ya 20: niasini iliyomo kwenye mahindi, ile vitamini B3, imefungwa kiasi kwamba tumbo la binadamu haliipati. Chokaa inaifungua.

Wazungu walibeba mbegu, hawakubeba upishi. Waitalia walikuwa na polenta yao, ni ugali kabisa, na zamani waliisonga kwa unga wa ulezi wa kwao na hata wa njugu za msituni. Wakahamia mahindi makavu, na mafukara wasiokula kingine wakaanza kuugua: ngozi inababuka shingoni na mikononi, tumbo linaharisha, akili inachanganyikiwa, mwisho kifo. Hispania daktari Gaspar Casal aliuandika ugonjwa huo mwaka 1735, na mwaka 1771 Mwitalia Francesco Frapolli akauita pelagra. Kusini mwa Marekani nako ukalipuka mwanzoni mwa karne ya 20, wakati ambapo vinu vipya vilianza kuondoa kiini cha punje ili unga usiharibike dukani. Daktari Joseph Goldberger aliyetumwa mwaka 1914 alionyesha kwamba hauambukizi, ni chakula. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem akaipata niasini yenyewe.

Msidhani ni mambo ya mbali. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walipata pelagra, zaidi ya wagonjwa 18,000. Walikuwa wanapewa mahindi pamoja na karanga. Karanga zilipokatika kwenye mgao, ugonjwa ukaja. Karanga tu, wakuu. Konzi moja ya karanga ndiyo ilikuwa inawalinda.

Turudi kwa mjomba. Mahindi yakiletwa kukobolewa yananyunyiziwa maji kidogo, yanamiminwa kwenye mdomo wa mashine, na upande wa pili yanatoka meupe, yamenyolewa, hayana ncha. Ile ncha ndiyo kiini, ndimo mafuta na vitamini nyingi zilimo. Upande mwingine inadondoka pumba, laini, ya njano hafifu, ina mafuta ukiifinya mkononi. Kwa gunia la kilo 100 kwetu mwenye mahindi aliondoka na kilo 75 hivi za sembe. Pumba alinunua mfuga kuku. Nilikuwa mtoto, nikamuuliza mjomba mbona kuku wa jirani wananenepa sana. Akanijibu, "Wanakula kilichobaki cha watu." Nimeielewa sentensi hiyo nikiwa na miaka thelathini.

Mfanyabiashara anapenda sembe kwa sababu ya msingi: mafuta ya kiini yanafanya dona, yaani unga wa mahindi yasiyokobolewa, ichachuke mapema, sembe inakaa rafuni miezi. Kenya tangu 2012 sheria inataka unga wa viwandani urudishiwe vitamini na madini. Ni hatua nzuri. Ila unga mwingi vijijini na mitaani unatoka kwenye mashine ndogo kama ya mjomba, na hapo kinachoondoka kimeondoka.

Majibu kwa wadau

Mkuu uliyesema wazee wetu hawakuugua pelagra mbona walikula mahindi: wengi hawakula mahindi peke yake. Makande, au githeri kwa wa Kenya, ni mahindi na maharage sufuria moja, na maharage yanaleta kile mahindi yamekosa. Angalia pia shamba la bibi yako Usambara au Upare: mahindi, katikati maharage, chini maboga yametambaa. Mexico wanalima hivyo hivyo, mazao matatu hayo hayo, tangu kale. Yalisafiri kuja huku, na akina bibi wakayakutanisha tena shambani bila kuambiwa na mtu. Hilo ndilo jambo ninaloliheshimu kuliko yote kwenye historia hii.

Dada uliyeuliza kuhusu magadi kwenye makande: ni alkali pia, yanalainisha ganda kweli. Ila yakizidi yanaharibu vitamini B1 ya maharage. Kuloweka mahindi na maharage usiku kucha kunapunguza kuni na unaweza kuyaacha magadi kabisa.

Ndugu wa Lubumbashi, asante kwa kututajia "bukari", jina la ugali huko kwenu. Bukavu wanasema bugali, Rwanda na Burundi ubugali, na mara nyingi ni wa muhogo. Mombasa sima. Muhogo nao ni mgeni kutoka Amerika Kusini, unastahili uzi wake.

Mdau uliyeuliza kama kuna ubaya mwingine wa mahindi sehemu kavu: ndiyo, sumukuvu. Mahindi yakipigwa na ukame shambani kisha yakahifadhiwa na unyevu, ukungu unaingia. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua, 125 wakafariki. Ni maeneo ambayo mtama na uwele vilikuwa nyumbani. Kausha mahindi juu ya turubai, sio kwenye udongo, na ukiona punje zenye ukungu usimpe hata kuku.

Na kwa wale watatu walioomba jinsi ya kusonga ugali wa uwele. Maji yachemke vizuri, koroga uji mwepesi kwanza uive, ndipo uongeze unga kidogo kidogo. Unga wake unashika haraka kuliko sembe, kwa hiyo punguza kiasi ulichozoea, la sivyo mwiko utakwama. Rangi itakuwa ya kijivu, usishtuke. Punguza moto, funika dakika tano. Mama anaula na mlenda na maziwa ya mgando. Jambo moja la muhimu: uwele una mafuta, unga wake ukikaa wiki unakuwa mchungu, na wengi waliosema hawaupendi walikula uliochacha. Nunua punje, saga wa siku tatu nne tu, na mwambie mwenye mashine asafishe kwanza sembe ya mteja aliyetangulia.